Napajua Ukaapo: Safari ya Miji ya Makanisa Saba

Barua saba za Ufunuo sura ya 2 na ya 3 huhubiriwa sana kwetu, na mara nyingi huhubiriwa kwa haraka: Efeso ni upendo uliopoa, Smirna ni mateso, Laodikia ni uvuguvugu, amina. Miji yenyewe husahaulika. Lakini waumini wale walikuwa na majirani, wateja, maji ya kunywa, na habari za mji wao walizosimuliwa na babu zao. Miji yote saba iko magharibi mwa Uturuki ya leo, na kwa basi unaizunguka ndani ya juma moja. Septemba hii tulikwenda, kundi dogo la washarika wa Dar es Salaam na Moshi pamoja na mchungaji wetu. Haya ndiyo niliyoandika kila jioni.

Jumatatu, Pergamo

Tulitua Izmir usiku, na asubuhi tukaelekea kaskazini hadi Bergama. Juu ya mlima wa mji wa kale unapandishwa kwa vichumba vinavyoning'inia kwenye waya. Ukifika unakuta ukumbi wa michezo uliochongwa ubavuni mwa mlima, watu 10,000 walikaa pale, na mteremko wake ni mkali hata mzee wetu wa kanisa kutoka Moshi, mtu aliyezoea milima, alishuka ngazi tatu akakaa chini. Madhabahu ya Zeu imebaki misingi tu, na miti imeota juu yake. Sanamu zake zilichukuliwa na wachimbuaji wa Kijerumani karne ya 19, na ziko Berlin.

Mchungaji akasoma: "Napajua ukaapo, ndipo penye kiti cha enzi cha Shetani." Wafafanuzi wamebishana miaka mingi kiti hicho kilikuwa nini. Mimi nawafuata wanaosema ni ibada ya Kaisari, kwa sababu Pergamo ulikuwa mji wa kwanza katika jimbo la Kirumi la Asia kupewa hekalu la namna hiyo, hekalu la Augusto na la Roma, mwaka 29 kabla ya Kristo. Tena halikuletwa kwa upanga. Wakuu wa jimbo ndio walioomba ruhusa ya kulijenga. Walitaka upendeleo wa mkubwa, wakamjengea mahali pa kuabudiwa. Vizazi vichache baadaye Mkristo aitwaye Antipa aliuawa katika mji huohuo.

Hapo ndipo nilipowaza makanisa yetu. Viongozi tunawaombea, ndivyo 1 Timotheo sura ya 2 inavyotuagiza. Lakini mwanasiasa anayeingia ibadani na bahasha, akapewa kipaza sauti na kiti cha mbele kuliko msharika aliyefagia kanisa miaka 20, huyo hatujamwombea tena. Mwezi Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana la Kenya aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia ibadani. Naona alifanya vema, na ningependa wengi wamfuate.

Mchana tulipita Asklepioni, mahali walipolazwa wagonjwa wakisubiri mungu wa uponyaji awatokee ndotoni. Nyoka wamechongwa kwenye nguzo ya langoni. Mwenzetu mmoja alitaka kucheka, mchungaji akamkataza. Mgonjwa hachekwi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wengi wao walikuwa watu waliobatizwa, wenye maumivu ya kweli. Kanisa lisilowatembelea wagonjwa wake lisishangae wakienda mbali kutafuta anayewagusa.

Jumanne, Thiatira na Sardi

Thiatira leo ni Akhisar, mji wa biashara ya zeituni. Mabaki yake ni kiwanja kimoja kilichozungushiwa uzio katikati ya mji, pande zote maduka na benki. Watalii wengi hupiga picha na kuondoka. Sisi tulikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mji huu mdogo ndio ulioandikiwa barua ndefu kuliko zote saba. Maandishi ya mawe yaliyopatikana hapa yanataja vyama vya mafundi: watia rangi, washona ngozi, wafinyanzi, waokaji, wafua shaba, wafuma sufu. Lidia wa Matendo 16, "mwenye kuuza rangi ya zambarau", alikuwa mwenyeji wa hapa. Katika miji ya namna hii, fundi asiye na chama alipata tabu kufanya kazi, na karamu za chama ziliandaliwa kwa heshima ya mungu wake, nyama ikiwa imetolewa sadaka kwa sanamu. Ukikaa mezani, unakula meza ya sanamu. Ukisusa, unajitenga na watu wanaokupa kazi.

Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya Yezebeli, mwanamke anayekemewa katika barua ya Thiatira, yameishia kwenye wanja na rangi ya mdomo. Barua haisemi hivyo. Kosa lake ni kuwafundisha watumishi wa Bwana kwamba waweza kula vya sanamu na kuzini, na bado mambo yakawa sawa.

Katika kundi letu yumo mama mwenye duka la vitenge Dar, wote tunamwita Mama Vitenge. Alikuwa ameinamia jiwe moja akilipapasa maandishi yake, kisha akasema bila kuinua uso:

"Mchungaji, hii barua ni ya kwangu."

"Kivipi, mama?"

"Mtaani kwetu biashara ililala. Wenye maduka wakakubaliana kila mmoja achange, aletwe mtaalamu autengeneze mtaa, wateja warudi. Nikasema mimi mtaalamu huyo simchangii. Basi. Kuanzia siku ile hakuna aliyenielekezea mteja, hakuna aliyenikopesha hata robota moja. Nikitoa salamu, wanaitikia huku wanatazama simu."

"Ukaishije?"

"Jumuiya. Walikuwa wanataka sare za kwaya. Wakaja wote kununua kwangu, na wa usharika wa pili nao wakaja. Ndiyo nilivyovuka."

Mchungaji alinyamaza kidogo, akasema, "Basi watu wa jumuiya waliijibu barua hii kuliko mimi ninayeihubiri."

Jambo hilo limenikaa moyoni. Tunawaambia vijana wetu wasitoe rushwa wakitafuta kazi, wasilale na bosi, wasiende kwa mganga, na ni haki kuwaambia. Lakini aliyekataa atakula nini mwezi ujao? Lidia alipoamini aliwafungulia Paulo na wenzake nyumba yake. Imani ya Thiatira ilihitaji nyumba zilizo wazi na wateja walio ndugu. Nasi twahitaji hivyohivyo.

Saa nane tukafika Sardi. Hapa utajiri ulikuwa wa hadithi: Kroiso mfalme wa nchi ya Lidia, na dhahabu ya mto Paktolo uliopita katikati ya mji. Nguzo mbili za hekalu la Artemi bado zimesimama nzimanzima, na pembeni yake kuna kanisa dogo la matofali la karne ya 4. Nyuma ya hayo yote limesimama genge la udongo na changarawe, ngome ya mji. Kulitazama tu kunatosha kukuaminisha kwamba hakuna adui awezaye kulipanda.

Walipanda, tena mara mbili. Mwanahistoria Herodoto anasimulia kwamba Koreshi mfalme wa Uajemi alipouzingira mji, karibu mwaka 546 kabla ya Kristo, askari mmoja wa Kilidia aliangusha kofia yake ya chuma gengeni, akashuka kuiokota, akarudi juu. Mmardi mmoja wa jeshi la Koreshi alikuwa anatazama. Kesho yake akapanda njia ileile na wenzake wakamfuata, kwa maana upande ule haukuwekwa mlinzi: nani angeupanda? Zaidi ya miaka 300 baadaye mfalme Antioko wa Tatu aliuzingira mji huohuo. Mkrete aitwaye Lagora aliona tai wanatua ukutani juu ya bonde palipotupwa mizoga, akatambua kwamba ndege hawatui palipo na watu. Wakaingia hapo.

Mtoto wa Sardi alizijua habari hizi. Sasa msomee: "Una jina la kuwa hai, nawe umekufa. Uwe mwenye kukesha." Na zaidi: usipokesha, nitakuja kama mwivi. Bwana aliugusa mji kwenye aibu yake ya kale.

Sharika zetu kongwe zina ngome kama hiyo. Tuna jubilei za miaka 100, picha za wamisionari ukutani, kengele iliyoletwa kwa meli. Upande huo wa jengo tunaulinda vizuri. Upande wa vijana waliomaliza kipaimara wasionekane tena, mlinzi ni nani? Mzee wa Moshi alisema kwa sauti ya huzuni kwamba katika usharika wao orodha ya waliobarikiwa ipo, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, na hakuna aliyewahi kuifuatilia jina kwa jina. Mchungaji akamwambia aianze yeye akirudi. Akakubali palepale.

Barua inasema Sardi walikuwamo "majina machache" wasioyatia mavazi yao uchafu. Karne ya 2 mji huo ulikuwa na askofu Melito, ambaye mahubiri yake ya Pasaka yanasomwa hadi leo. Waliokesha walikuwapo.

Jumatano, Filadelfia

Alaşehir. Njia nzima ni mashamba ya mizabibu, na zabibu zimeanikwa chini kwenye maturubai, zinanuka utamu hadi ndani ya basi. Mabaki ya Kikristo ni nguzo nene za matofali za kanisa la Yohana katikati ya nyumba za watu. Hakuna zaidi.

Tetemeko la mwaka 17 baada ya Kristo liliuharibu mji huu pamoja na Sardi. Mwanajiografia Strabo aliandika kwamba kuta zake zilikuwa zinapasuka kila mara, na watu wengi walihamia mashambani. Kwa watu waliozoea kukimbia nyumba zao usiku, Bwana anasema ashindaye atakuwa nguzo katika hekalu la Mungu, "wala hatatoka humo tena kabisa". Sijawahi kuusoma mstari huo nikiwa nimesimama chini ya nguzo. Nimefurahi kuusoma hivyo.

Kanisa hili na la Smirna tu ndiyo hayakukemewa. "Una nguvu kidogo," linaambiwa, na bado limefunguliwa mlango. Niliwakumbuka walimu wa shule ya Jumapili wa vijijini wanaofundisha chini ya mwembe bila vitabu vya kutosha. Hatuwahesabu katika taarifa za mwaka. Jioni tukalala Denizli.

Alhamisi, Laodikia

Laodikia ni kubwa, nayo inafukuliwa kwa bidii: barabara za mawe, kumbi mbili za michezo, na kanisa la karne ya 4 lenye sakafu ya vijiwe vya rangi na kisima cha ubatizo chenye umbo la msalaba. Lakini kilichonishika ni bomba. Yako mengi, vipande vya mawe vilivyotobolewa katikati na kuunganishwa kupeleka maji mjini. Niliingiza mkono katika kimoja. Tundu lilikuwa limezibwa karibu lote na chokaa ngumu kama saruji, tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka. Hayo ndiyo maji waliyokunywa.

Ng'ambo ya bonde, kama kilomita 10, unaona weupe wa Pamukkale. Hapo ndipo Hierapoli ya kale, na chemchemi zake za moto bado watu wanaziogelea. Upande wa pili, chini ya mlima Honaz, iko Kolosai, yenye maji baridi yanayoteremka mlimani. Laodikia haikuwa na chemchemi yake ya maana, ililetewa maji kwa mifereji na mabomba. Hivyo wafafanuzi wengi wanasema "ingekuwa heri kama ungekuwa baridi au moto" haimaanishi kwamba Bwana anapendelea asiyeamini kabisa kuliko mvuguvugu. Maji ya moto huponya maungo. Maji baridi humburudisha mchovu. Ya Laodikia hayakufaa kwa lolote kati ya hayo. Swali la barua ni hili: kanisa lenu linamfaa nani?

Mwaka 60 tetemeko liliuangusha mji. Mwanahistoria wa Kirumi Takito anaandika kwamba Laodikia ilijijenga tena kwa mali yake yenyewe, bila msaada wa Roma. Mji wa mabenki, wa sufu nyeusi nzuri, uliosifika pia kwa matabibu wake. Sasa msikie Bwana akinukuu maneno yao: "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Pengine walikuwa wanajivunia jambo jema, kutokuwa ombaomba. Kisha kujitosheleza huko kukaingia kanisani, Bwana akawa nje anabisha mlango.

Tulikaa kivulini tukalizungumza hili kwa uchungu, kwa kuwa linatuhusu sisi wa mijini. Tumejifunza kujitegemea, tumeacha kungojea fedha za ng'ambo, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kuna harambee ya vigae, ya vipoza hewa, ya geti la umeme, na mjane wa jumuiya ya tatu anadaiwa kodi ya chumba. Kanisa lililokamilika kwa kila kifaa likiwa halimfai mjane, je, maji yake ni ya namna gani? Mama Vitenge alipendekeza kwamba kila harambee ya jengo itengewe fungu la kumi kwa ajili ya wahitaji, fungu lisiloguswa. Mchungaji aliandika.

Tulisoma pia Wakolosai 4. Paulo anawasalimu ndugu wa Laodikia na kanisa lililo nyumbani kwa Nimfa, na anamtaja Epafra aliyejitaabisha kwa ajili yao na kwa ajili ya Hierapoli. Hii ni miongo kadhaa kabla ya Ufunuo, kwa hesabu iliyozoeleka. Kanisa lililoanza sebuleni mwa mtu, likiwa na mwombaji kama Epafra, lilifika hapo ndani ya kizazi kimoja au viwili.

Ijumaa, Efeso

Watu ni wengi mno, meli za watalii zimeshusha. Tulipita haraka kwenye maktaba ya Kelso, ambayo kila mtu anaipiga picha, tukaenda ukumbi wa michezo wa Matendo 19. Unapakia watu kama 24,000. Humo walipiga kelele kwa muda wa saa mbili, "Artemi wa Waefeso ni mkuu." Nje ya mji, hekalu la Artemi limebaki nguzo moja ya kuungaunga vipande katika dimbwi la maji.

Nilitaka tusome mistari iliyotangulia ghasia ile. "Wengi wa wale walioamini wakaja wakaungama, wakidhihirisha matendo yao," na waliofanya uganga wakavichoma vitabu vyao, thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Kipande kimoja kilikuwa karibu ujira wa kibarua kwa siku. Angalieni walioungama: ni watu walioamini tayari. Walikuwa kanisani, na vitabu vilikuwa nyumbani. Tena hawakuviuza ili angalau warudishe mtaji. Walichoma mbele ya watu.

Kwetu hirizi ya mtoto bado inafungwa chini ya gauni la ubatizo. Na aliyeitupa hirizi ananunua chupa ya maji ya upako, anaiweka dukani palepale ilipokaa hirizi, kwa kazi ileile. Sisemi hili kwa dharau. Hofu ya watu wetu ni ya kweli, na wachungaji wanaoiita ujinga hawajawahi kukesha na mama ambaye mtoto wake anashtuka usiku. Paulo alikaa Efeso miaka mitatu, akifundisha nyumba kwa nyumba. Vitabu vilichomwa baada ya mafundisho mengi.

Bandari ya Efeso imejaa tope la mto, bahari sasa iko kilomita kadhaa mbali. Kiongozi wetu alisema wahubiri wengi husimama pale na kuwaambia watu, "Mnaona? Kinara kimeondolewa," kama barua ilivyowaonya wasipotubu. Mchungaji wetu hakusema hivyo. Alitukumbusha kwamba mwanzoni mwa karne ya 2 Ignatio wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa, aliliandikia kanisa la Efeso na kulisifu kwa upendo wake na kwa kuyakataa mafundisho potofu. Yaelekea walisikia, wakatubu. Mtaguso wa mwaka 431, mkutano mkuu wa maaskofu, ulikutana hapa, katika kanisa la Mariamu. Mji ulikufa polepole, kwa tope, malaria na vita.

Jumamosi, Smirna

Nalitaka hili liwe la mwisho. Smirna ndiyo Izmir, mji mkubwa, hai, wenye feri na msongamano. Soko la kale liko katikati yake, na chini ya matao ya mawe maji bado yanapita kwenye mfereji.

Kanisa hili halikukemewa. Polikarpo, askofu wake, alichomwa moto katikati ya karne ya 2 akiwa mzee. Aliambiwa amlaani Kristo aachiwe, akajibu kwamba amemtumikia miaka 86 wala Kristo hajamtendea yeye ubaya, atamlaani vipi mfalme wake? Na bado Septemba 1922 mitaa ya Wakristo ya Smirna iliungua, Wagiriki na Waarmenia wakafa au wakakimbia, na mwaka uliofuata Ugiriki na Uturuki zikakubaliana kubadilishana watu. Mji usiokemewa uliwapoteza waumini wake karibu sawa na Efeso iliyokemewa.

Kwa hiyo siwezi kuyasoma magofu kama hukumu, na naomba tusiyahubiri hivyo. Ahadi kwa Smirna ilikuwa "uwe mwaminifu hata kufa, nami nitakupa taji ya uzima". Hakuahidiwa mtu kwamba jengo litabaki. Wanaowaambia waumini wetu kwamba kanisa likipungua au mtu akifilisika ni dalili ya dhambi, waje wasimame Izmir.

Jumapili

Tuliabudu na kanisa dogo la Waturuki walioamini, chumba cha ghorofani, viti vya plastiki. Walituimbia Kituruki, tukawaimbia Kiswahili. Mama mmoja mzee alimshika Mama Vitenge mikono yote miwili kwa muda mrefu, kila mmoja akisali kwa lugha yake.

Kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege tulipanga mafundisho ya jumuiya. Mchungaji alitaka tuanze na Efeso, kwa mpangilio wa Biblia. Mzee wa Moshi akapinga kwa heshima: "Baba Mchungaji, tuanze na Thiatira. Robo tatu ya jumuiya ni watu wa biashara na ajira. Tuwaulize kwanza kazini kwao wanatakiwa kukaa meza gani." Tukakubaliana hivyo. Alhamisi ya kwanza itakuwa nyumbani kwa Mama Vitenge, na kila mmoja aje na jina la mtu mmoja aliyepoteza kazi au wateja kwa kukataa, tuone tutamsaidiaje mwezi huohuo.